Picha za Nyumba ya Yaya Mwamini

Sina sababu ya kukudanganya. Mtu anayetunga uongo hujipa sehemu nzuri ndani yake: yeye ndiye aliyesoma dua mpaka jini likakimbia, yeye ndiye aliyetambua kwato chini ya gauni. Mimi katika kisa hiki sina sehemu nzuri hata moja. Muda wote nilikuwa nimekaa. Kwa hiyo niamini tu, maana ni mwanaume gani mwenye akili angejitungia aibu ya namna hii, kisha aitoe mbele za watu?

Tena usingoje giza wala njia ya makaburi. Wengine hukutana na mambo haya usiku, wakiwa safarini. Mimi sitoki. Majirani wa avenue yetu hapa Ruashi hunitania kwamba siku nikifa watachelewa kujua, kwa sababu hawataona tofauti. Basi jambo lililokuwa linanitafuta lilibidi linifuate nyumbani, saa moja asubuhi, jua limeshatoka, na mimi bado na pijama.

Nyumba hii ilijengwa na dada yangu mkubwa, Yaya Mwamini; kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu: anapanda lori mpaka Pweto, anarudi na magunia, anauza, anajenga. Safari moja ilileta msingi, safari nyingine matofali. Mabati yalimchukua miaka miwili ya kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa naye muda wote huo. Sisemi nilimsaidia, nasema nilikuwa naye. Alipomaliza kuezeka alinipa chumba cha nyuma, akaniambia, "Ikala hapa, kadogo, mpaka utapata yako." Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Leo ninayo arobaini na sita, na chumba ni kilekile.

Yaya alikufa kwa ugonjwa, akaacha mtoto mmoja, Zaina. Siku ya kumaliza kilio wakubwa wa familia walikaa uani wakasema mbele ya wote: nyumba ni ya Zaina, na mjomba wake ataichunga mpaka mtoto amalize shule. Wakanikabidhi karatasi za nyumba. Nililia kwa sauti kuliko wote. Kisha nikaziweka karatasi chini ya godoro langu, nikazilalia miaka minne.

Zaina alikuwa anasoma Likasi, analala bwenini, anarudi nyumbani wakati wa likizo. Mwaka ninaousimulia alikuwa anamaliza. Na hapo ndipo hofu ilipoanza kunitafuna. Atarudi na diploma. Atakuwa mtu mzima. Na mimi, mwenye tumbo na mvi, nitasimama mbele ya mtoto niliyemfuta kamasi ningoje aniambie kama nikae au nitoke? Nikajisemea: nikiiuza sasa, nitanunua kanyumba kadogo kwa jina langu mwenyewe, watu wa avenue watafunga midomo, na Zaina nitampa kitu kidogo cha kumtuliza. Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa bidii maishani mwangu ilikuwa hiyo ya kupanga wizi.

Nikamwita komisyonere, mtu anayetafutia nyumba watu na kutafutia watu nyumba. Huyu wetu anaitwa Didi. Ana viatu vyenye ncha na mdomo wenye ncha zaidi.

"Grand," akaniambia, kama wanavyomwita kaka mkubwa huku, "leo bantu habanunue nyumba na macho. Banaangaliaka kwanza mu telefone. Kama picha ni mubaya, hata nyumba ikuwe palais ya mufalme, hakuna muntu atatoka kwake."

Akapita chumba kwa chumba akinyoosha kidole. Picha ya Yaya kwenye ukuta wa sebule, ondoa. Mkeka wake wa kuswalia, ondoa. Mbabula ya makala, lile jiko la mkaa, inje. Magauni ya Zaina nyuma ya mlango, ondoa.

"Mununuzi akiona photo ya marehemu, anaanza kuuliza maulizo. Nyumba inapashwa kuonekana kama hakuna muntu aliishi mule hata siku moja. Unasikia?"

"Na mimi?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Weye, grand, ujifiche nyuma ya nyumba. Ile tumbo italeta kivuli."

Tukakubaliana mpiga picha aje siku ya Alhamisi saa nne, wakati mwanga unaingia sebuleni vizuri kabla upepo haujaanza kuleta vumbi jekundu la barabara ya malori. Didi akasema atatafuta mama mmoja aje mapema anisaidie kusafisha na kupanga. Nilishukuru sana. Kupanga si kazi yangu.

Alhamisi, saa moja, nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mwanamke na ndoo. Kijana, hakufika miaka thelathini. Alivaa kitenge kilichopauka, na kilemba kilimshukia mpaka karibu na nyusi. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwenye viungo, myeupe kama ya mtu anayeshinda kwenye chumvi. Hayo nayakumbuka. Uso wake, ukiniuliza, siwezi kukueleza. Niliutazama asubuhi nzima, na siwezi.

"Karibu, mama. Didi njo amekutuma?"

"Nimekuja juu ya nyumba," akasema.

Jibu hilo lilinitosha. Nikamwonyesha jikoni, nikavuta kiti changu cha plastiki cha bluu mpaka katikati ya sebule, nikakaa. Kuamrisha, kwa kweli, nina kipaji.

Akasimama mbele yangu na ndoo yake. "Niondoshe nini?"

"Byote bya mwenye nyumba."

"Byote?"

"Mama, uko na masikio? Byote! Hata alama isibakie. Mutu akiingia asijue kama alikuwaka."

Akaweka ndoo chini. "Na byako?"

Nilicheka. "Byangu bibakie. Byangu habiharibu picha."

Hakucheka. Akaanza kazi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kila nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Aliondoa picha ya ukutani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaifungia ndani ya mkeka. Akakunja magauni ya Zaina. Vyote akavipeleka kwenye sanduku la bati la mtoto, chumbani kwake. Mimi nikachemsha chai. Nikaleta mkate, nikanywa na kula mbele yake, sikumwambia hata "karibu". Hata mbwa wa jirani huwa namtupia kipande.

Na mdomo wangu haukutulia.

"Tazama ile dirisha ya jikoni," nikamwambia. "Ni kama ya banda ya kuku. Ule alijenga hapa alikuwa mubahili, wallahi."

Alikuwa anapangusa dirisha hilohilo. Hakugeuka. "Pengine samaki haikuuzika ule mwezi," akasema.

Nani alimwambia habari za samaki? Wewe unayesoma umeshajiuliza. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa natafuta kijiko cha sukari.

Baadaye akauliza, "Na mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Wa mwenye nyumba."

"Iko ku Likasi. Atajua kisha."

"Akirudi, atalala wapi?"

"Atalala kwa bantu ba familia. Mutoto hakosake pa kulala, mama. Fanya kazi, saa inaenda."

Nilimwambia hivyo yeye, kwa mdomo huu, na mkate ndani yake.

Kuna mambo niliyaona nikayapita. Alipomaliza vitu vya kuhamisha, alianza kuweka kiganja ukutani, mahali hapa na pale, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Kisha anatoka na ndoo. Ndoo ilitoka nzito, shingo yake ikikaza. Ikarudi nyepesi, ikining'inia mkononi. Lakini sakafu haikulowa. Maji sikuyaona hata mara moja. Na kila alipomaliza chumba, sauti ya chumba hicho ilibadilika. Nilikohoa sebuleni, kikohozi kikaenda mbali, hakikurudi. Upepo ulinipita miguuni na milango imefungwa. Ikaja harufu ya majani mabichi, mwezi wa saba, wakati Ruashi nzima haina jani bichi hata la dawa. Unajua nilijisemea nini? Nilijisemea: huyu mama anajua kusafisha.

Saa nne ikafika. Patou, mpiga picha, kijana mpole mwenye mfuko mkubwa wa kamera, akaingia getini. Mwanamke alikuwa anatoka, ndoo kichwani. Patou akamwamkia kwa adabu, naye mwanamke akajibu. Kwa hiyo usiniambie niliota. Alionekana na wawili.

"Imeisha?" nikamwuliza kutoka kwenye kiti.

"Imeisha. Byako nimeacha," akasema, akatoka. Sikuinuka kumsindikiza.

Patou alipiga sebule kutoka mlangoni, kona nne. Akapiga jikoni, vyumba, uani, na mbele kutoka barabarani. Aliniomba nitoke, nikahama na kiti changu nusu mita, nikamwambia atanikata baadaye kwenye kompyuta. Kisha akasimama chini ya kivuli cha ukuta kutazama kazi yake. Nilimwona akibonyeza, akabonyeza tena. Akafuta kioo cha kamera kwa shati. Akaja pole pole.

"Grand, samahani. Angalia weye."

Picha ya kwanza ilikuwa sebule. Kuta zilikuwepo, dari haikuwepo. Juu palikuwa na mbao tupu, na juu ya mbao, mabati mapya yaking'aa kama siku yalipopigwa misumari.

Picha ya pili, jikoni. Mabati hayakuwepo. Mbingu. Na dirisha lile lilikuwa tundu tu, bila kioo.

Chumbani kwa Zaina, kuta zilifika kiunoni. Chumbani kwangu kulikuwa na mtaro wa msingi na rundo la mchanga. Nilizijua picha zile. Sikuwahi kuziona kwenye karatasi, lakini nilizijua, kwa sababu niliishi ndani ya kila moja. Ilikuwa ni nyumba ya Yaya ikirudi nyuma, safari kwa safari, gunia kwa gunia.

Ya mwisho ilikuwa ile ya kutoka barabarani. Palikuwa na kiwanja cha majani ya masika, marefu, mabichi, na vijiti vinne vya kupimia kwenye pembe. Katikati ya majani, mtu mnene mwenye pijama amekaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu. Kikombe cha chai mkononi. Ndala miguuni. Karibu naye, redio yangu na mto wangu. Basi. Hakukuwa na kitu kingine.

Nilimwambia aondoe vyote vya mwenye nyumba, hata alama isibaki. Aliondoa.

Patou hakuniinulia macho. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Grand, hii nyumba ni ya nani?"

Kabla ya siku hiyo nilikuwa na jibu, nimelifanyia mazoezi wiki nzima. Nikainua kikombe changu, nikanywa; kilikuwa kitupu. Yeye akafunga mfuko wake, akakataa malipo, akaenda akitembea upesi kama mtu aliyeacha maji jikoni.

Niliingia ndani nikaanza kupapasa kuta kama kipofu. Zilikuwepo. Ngumu, baridi, zima. Nikapiga simu kwa Didi.

"Ule mama ulinitumia ni nani?"

"Mama gani? Ule alikatala tangu jana jioni, mutoto yake anagonjwa. Nilisahau kukuambia." Kisha akaanza kulalamika, maana Patou alikuwa ameshamtumia kazi. "Grand, mi nilikuomba picha ya nyumba, unanitumia ya lupango, kiwanja mutupu! Na ule muzee anaikala mu majani na pijama ni nani? Umutoshe pale, anafukuza bakiriya, banunuzi betu."

Nikakata simu. Nikaenda chumbani kwa Zaina, nikafungua sanduku la bati. Magauni yalikuwa yamekunjwa vizuri, mkeka, picha ya Yaya. Na juu kabisa, zimefungwa kwa kipande cha kitenge kilichopauka, karatasi za nyumba. Zile za chini ya godoro langu. Sikumwambia yeyote zilipokuwa. Na asubuhi ile, wakati anasafisha chumba changu, mimi nilikuwa mlangoni nikimwambia asiguse kitanda.

Nikaitoa picha ya Yaya nikaitazama. Ilipigwa alipokuwa mgonjwa tayari, mashavu yamejaa, macho yamechoka. Huyo ndiye niliyemzoea. Yule kijana mwenye mikono ya chumvi, aliyepanda malori akiwa na miaka ishirini na mitano, niliishi naye pia, nikala chakula chake kila siku. Lakini sikuwahi kuinua macho kutoka kwenye sahani kumtazama. Ningemtambuaje?

Zaina alirudi baada ya wiki mbili, mtihani umekwisha, na begi begani na kicheko cha mama yake. Nilikuwa nimepanga kumwambia kidogo kidogo. Aliponiamkia mimi mjomba wake, "Tonton, umekondaka!" nikamwambia vyote pale pale mlangoni, hata begi hajaliweka chini. Kuuza. Didi. Mwanamke. Nikampa simu aone picha, zile alizonirudishia Didi.

Alizitazama moja moja. Nilingoja apige kelele, au acheke, au aite majirani. Ningeshukuru lolote kati ya hayo. Kwenye ile ya mwisho alikuza kwa vidole viwili, akatazama muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Mama alikuachiaka kiti," akasema.

Akachukua karatasi kwenye sanduku, akaenda nazo kwa wakubwa wa familia siku ile ile. Leo zina jina lake. Mimi bado naishi chumba cha nyuma. Hakunifukuza. Angenifukuza ningejua pa kuanzia. Lakini kila asubuhi ananiletea chai, ananiita tonton, na ananikaribisha kula kabla yeye hajala. Jaribu wewe kumeza chai ya namna hiyo.

Na mambo hayakuisha. Tangu karatasi zipate jina la Zaina, picha zikipigwa hapa nyumbani bila mimi, ni nyumba kama nyumba: dari, mapazia, watu wanacheka. Nikiingia mimi ndani ya picha, hata kwa bega tu, nyuma yetu kunaota majani. Tulijaribu mara tatu. Siku ya sherehe ya diploma ya Zaina, ndugu walipojipanga sebuleni wote, nilijitoa mwenyewe nikaenda kusimama uani. Wageni wakaniita, "Kuya, tonton, usione haya!" Wanadhani naogopa kamera. Nikasema mwanga unaniumiza macho.

Mwaka jana nilianza kufyatua matofali. Usinicheke, yaani cheka, lakini kidogo. Ninayafyatua uani, mwenyewe, na mgongo huu. Nilipofika matofali kumi na moja nilimwomba Zaina anipige nayo. Alitazama simu, akanionyesha. Majani, kiti, na pembeni, matofali kumi na moja. Niliyahesabu mara mbili. Sijawahi kuona picha nzuri kama hiyo, na sijawahi kuona aibu kama hiyo, maana kumi na moja kwa miaka arobaini na sita ni nini?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wewe uliyekaa kwenye nyumba ya mtu ukaanza kuiita yako: kabla hujamwita mpiga picha, pita chumba kwa chumba peke yako, uone nani aliweka kila kitu unachoegemea. Na asubuhi moja akija mwanamke na ndoo akakuuliza aondoe nini, usimjibu haraka. Mpe kiti. Mpe chai. Muulize jina lake. Mimi sikumwuliza jina.